Kalule na Mugabi

Sisi wafugaji wa Kisaka hupenda fahali mwenye nguvu. Lakini kiangazi kikikaza, anayebaki hai ni yule anayekubali hata majani makavu. Ndivyo ninavyowapima mabondia wawili wa Uganda, ng'ambo ya ziwa: Ayub Kalule na John Mugabi.

Kalule, mpiganaji wa mkono wa kushoto, alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana mwaka 1974. Akaenda Denmark, nchi ya baridi na lugha ngeni, akazizoea ngumi za kulipwa. Oktoba 1979, huko Japani, alimshinda Masashi Kudo kwa pointi katika raundi 15, akawa bingwa wa WBA. Sugar Ray Leonard alipomvua taji mwaka 1981, ilimlazimu kufika raundi ya tisa.

Mugabi, aliyepata medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alitegemea makonde mazito. Wapinzani 25 wa kwanza hawakumaliza raundi zao. Mwaka 1986 alipanda uzito kumkabili Marvin Hagler. Huyo aliyavumilia makonde, akamshinda raundi ya 11. Mugabi alikuja kuwa bingwa wa WBC mwaka 1989, René Jacquot alipoumia kifundo cha mguu, lakini mwaka uliofuata Terry Norris alimwangusha raundi ya kwanza.

Mugabi alitisha zaidi, sikatai. Hata hivyo, kijana wetu anayefunga mzigo kwenda mjini, ningependa aondoke na moyo wa Kalule.