Divai na mvinyo

Divai ni kinywaji chenye kileo kinachopatikana kwa kuchachusha maji ya zabibu. Neno limetoka katika Kifaransa, du vin, na wasemaji wa Kifaransa wa Bujumbura, Burundi, hulitambua upesi. Mvinyo limetokana na Kireno, vinho. Kamusi za zamani zililipa pia maana ya pombe kali. Kisarufi maneno haya mawili hutofautiana: divai hii, divai hizi; mvinyo huu, mivinyo hii. Zabibu nalo ni la Kiarabu, ambamo hutaja tunda lililokaushwa. Waswahili huliita hivyo hata likiwa bichi, na likikaushwa huwa zabibu kavu.

Divai ya Afrika Mashariki inayojulikana zaidi hutoka Dodoma, Tanzania, uwanda mkavu ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mizabibu humea kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu za Makutupora hutoa divai nyekundu. Chenin Blanc, aina iliyotoka bonde la mto Loire nchini Ufaransa, hutoa nyeupe. Kwao, katika udongo wa chokaa wa Vouvray, aina hiyohiyo hutoa divai isiyo na utamu, divai tamu na divai yenye mapovu.

Urwarwa, kinywaji cha Burundi, hukamuliwa kutoka ndizi mbivu, kisha huchachushwa, mara nyingi kwa unga wa mtama. Kuuita divai ya ndizi ni sawa; divai pasipo nyongeza ibaki ya zabibu.