Njia ya Muyinga Kwenda kwa Waingereza

Nimefundisha historia hapa Burundi: Muyinga, nilikozaliwa, na baadaye Gitega. Vitabu vyetu husimulia enzi ya ukoloni kwa matendo ya wakubwa: Wajerumani walijenga boma Gitega mwaka 1912, Wabelgiji wakaliteka Juni 1916. Hayo ni kweli, lakini yanawasahau raia wa kawaida. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, na alikwenda kwa miguu hadi Buganda, katika Uganda ya Waingereza.

Mwezi Mei 1919, wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, waligawana koloni la Wajerumani. Rwanda na Burundi zikawa za Wabelgiji, Tanganyika ya Waingereza. Bugufi, nchi ya Mwami (mfalme) wa Burundi, ikabaki upande wa Waingereza. Leo iko wilayani Ngara, Tanzania. Gisaka ya Rwanda ilikatwa vivyo hivyo, ila ilirudishwa mwaka 1924. Bugufi haikurudi. Mtu wa Muyinga akajikuta na shemeji zake chini ya serikali nyingine, ilhali wanaelewana kwa lugha bila mkalimani.

Upande wetu, kodi ya kichwa ilidaiwa kwa faranga, na faranga hazikuwapo vijijini. Kulikuwa na kazi ya lazima ya barabara, na kiboko kwa aliyechelewa. Kuanzia miaka ya 1930 kila kaya ilisukumwa kupanda kahawa. Wakati huohuo Wabelgiji wa Gitega walikuwa wanapanga upya utawala: machifu 133 wa mwaka 1929 walipunguzwa hadi 46 mwaka 1933, na machifu Wahutu wakaondolewa karibu wote. Chifu aliyebaki alitawala eneo kubwa, akimwogopa Mbelgiji kuliko watu wake. Mwaka 1934, huko Ndora, mwanamke aitwaye Inamujandi aliongoza uasi. Kwetu Muyinga, badala ya kuasi, vijana walifunga mizigo wakavuka mpaka.

Buganda, wakulima wa pamba na kahawa walitafuta vibarua. Mwaka 1928 sheria ya busuulu na envujjo (kodi ya ardhi na ushuru wa mazao) iliweka kikomo kwa madai ya mwenye ardhi juu ya mpangaji, hivyo hata mgeni aliyepewa kibanja, yaani shamba la mpangaji, alikuwa na kinga fulani. Wengine walielekea Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, wakawa manamba, yaani vibarua wa mkataba.

Siwapambi Waingereza. Kwao Ulaya, mwaka 1918 wanaume wazima na wanawake wengi wa kuanzia miaka 30 walipewa kura, na mwaka 1924 chama cha wafanyakazi kikaunda serikali kwa mara ya kwanza. Ngara hakuna mkulima aliyeulizwa amtake nani, na kodi ya kibanda ilidaiwa huko pia. Babu alijua hilo. Alifuata ujira ambao angeushika mwenyewe mkononi, na bwana ambaye angeweza kumwacha akimchosha.

Ujira huo ulibadili mengi kuliko amri nyingi za Gitega. Zamani kijana asiye na mali alipata ng'ombe kwa ubugabire: alipewa na mkubwa, akabaki kumtumikia na kumshukuru. Babu alirudi na shilingi, blanketi na Kiswahili cha njiani; akanunua ng'ombe, akatoa mahari, na hakuwa na mkubwa wa kumpigia magoti. Kaka zake walitazama, nao wakaenda. Mamlaka ya chifu yalipungua pale kijana alipojua kwamba kuna pengine pa kuishi.

Leo malori hupita mpakani Kobero na Kabanga mchana kutwa, na wanafunzi wangu huiona njia hiyo kama barabara ya biashara tu. Walimu wenzangu wa Muyinga na Gitega, wapeni wanafunzi kazi hii: waende kwa wazee, waulize nani katika ukoo alikwenda Buganda au mkongeni, alikwenda kwa sababu gani, alirudi na nini. Waandike majibu yote. Wasafiri wale nao walijenga historia ya Burundi, na nafasi yao ni darasani, kando ya Mwami na Gavana.