Waraka na Mwenye Herufi

Kusini ya Mbamba Bay, karibu na ufuko wa Msumbiji, kipo kisiwa cha Likoma, ambacho leo ni sehemu ya Malawi. Hapo Misheni ya Vyuo Vikuu iliweka makao yake katika miaka ya 1880, na baadaye mtambo wa kupiga chapa. Mwaka 1893 ulianza kutoa hata jarida, Nyasa News. Liuli, alikofariki mwaka 1928 William Percival Johnson, mfasiri wa Biblia kwa Kinyanja, ni ng'ambo ya maji.

Yafaa msomaji akumbuke kazi ile ilivyokuwa. Kila herufi ya risasi iliokotwa kwa mkono, ikapangwa kinyumenyume, ikapakwa wino, ikakandamizwa. Aliyekuwa na maneno bila herufi alikuwa hana budi kumwendea mwenye herufi, naye ndiye aliyeamua lipi lichapwe.

Mashine ya stensili, aliyoibuni David Gestetner huko London katika miaka hiyohiyo ya 1880, iliishusha kazi hiyo hadi mezani pa karani. Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tunaikumbuka harufu ya wino wake kwenye karatasi za mitihani, na herufi "o" iliyotobolewa na taipureta ikawa tundu jeusi.

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa CERN mjini Geneva, alipendekeza njia ya wataalamu kushirikiana nyaraka katika kompyuta zisizofanana. Programu yake ya kwanza, ya mwaka 1990, ilisoma na kuandika pia. Lakini zile zilizoenea baadaye zilikuwa za kusoma tu, na aliyetaka kuandika ikampasa ajifunze alama za kufungua na kufunga kila kichwa na kila aya, kisha atafute seva. Mwenye herufi alikuwa amerudi, safari hii akiwa na kompyuta.

Ward Cunningham aliulegeza mlango huo mwaka 1995, kwa kurasa ambazo msomaji yeyote aliweza kuzihariri. Mwaka 2004 John Gruber akatoa Markdown, ambayo kwayo alama ya reli hufanya kichwa cha habari na nyota hukoleza neno. Nadhani hakuna karani wa stensili ambaye angeshindwa nayo. Leo zipo kurasa zisizodai hata jina: mwalimu wa Mbinga hubandika maandishi kwa simu yake, akapewa kiungo, akawapelekea wenzake.

Hata hivyo karatasi ya Likoma, ikishachapwa, ilibaki kwa aliyeipokea. Kiungo hubaki kwa mwenye seva. Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa nyingi za watu wa kawaida zilitoweka, na nyingine ziliokolewa na watu wa kujitolea tu.

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Umatengo, aliandika jinsi babu zake walivyochimba ngoro kwenye miteremko ya milima, majina ya udongo na ya majani yanayofukiwa akiyataja moja moja. Aliiweka kazi yake mtandaoni kwa njia hiyo nyepesi, nami nikaisifu darasani. Baada ya miaka miwili kiungo hakikufungua kitu, na simu aliyoiandikia ilikuwa imeibwa. Nakala iliyopo ni ile niliyojichapia ili nisahihishe, yenye wino wangu mwekundu pembeni. Ukurasa wa nne haupo.