Subira katika uchoraji wa sura kwa rangi za mafuta

MWANAGENZI wa kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta hufunzwa kwanza subira. Tabaka la chini huzimuliwa kwa tapentaini ili likauke upesi. Yanayofuata huongezewa mafuta ya mbegu za kitani. Akigeuza utaratibu huo, tabaka la juu hutangulia kukauka, kisha hupasuka. Vanishi nayo hungoja miezi 6 hadi 12.

Hata bingwa Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Royal Academy iliyoasisiwa London mwaka 1768, aliponzwa na majaribio. Alitumia lami, ambayo haikauki barabara, na rangi nyekundu isiyohimili mwanga. Nyuso alizozichora zilipauka wenyewe wangali hai. Walinung'unika, lakini wateja hawakukoma kumjia.