Mashine ya mwangwi inapoonyesha "wingu" katikati ya Ziwa Nyasa

Ndugu wavuvi wa Ipyana na mwambao wote wa Kyela, mashine za kutafutia samaki zimeanza kuzoeleka, na swali linalojirudia ni hili: mbona mchana mashine inaonyesha utando mzito chini sana, lakini nyavu zinarudi tupu? Jibu lipo katika historia ya ziwa letu.

Livingstone alifika Ziwa Nyasa mwaka 1859. Aliandika juu ya mawingu kama moshi yanayoinuka majini, na watu wanaokusanya wadudu hao na kuwafanya mikate. Ni wale wale tunaowaona leo. Kabla ya kuruka, mdudu huyu huishi majini akiwa buu, na buu ana jozi 2 za vifuko vya hewa. Sauti ya mashine ikigonga hewa hurudi kwa nguvu. Kwa hiyo mabuu wengi pamoja huonekana kama kundi la samaki, au hata kama sakafu ya ziwa.

Miaka ya 1980 jambo hili lilizua hoja kubwa. Wapo waliodai kwamba mabuu hawaliwi vya kutosha, hivyo waletwe dagaa wa Ziwa Tanganyika wawale. Kati ya 1991 na 1994, mradi wa Uingereza na nchi za SADC ulizungusha meli ya utafiti iitwayo Usipa katika maji ya Malawi, Msumbiji na Tanzania. Wataalamu hawakuamini picha peke yake: walipima kwa mwangwi, wakakokota nyavu, wakachunguza matumbo ya samaki. Wakakuta samaki wetu wa maji ya kina tayari wanawala mabuu hao. Dagaa wageni hawakuletwa, na usipa wetu hakupata mshindani.

Ukisoma mashine, zingatia haya:

1. Angalia saa. Mabuu hushuka mchana na kupanda usiku. Utando unaopanda giza likiingia si sakafu.

2. Angalia kina. Ziwa linafikia kina cha mita 700 hivi, lakini chini ya mita 200 hadi 250 hakuna oksijeni. Samaki haishi huko. Buu huvumilia kwa muda, ndiyo maana hujificha karibu na mpaka huo.

3. Angalia mahali. Upande wa Matema milima ya Livingstone inashuka kwa ghafla majini, na mwangwi wa mteremko unaweza kuonekana kama kitu kilichosimama chini ya mtumbwi.

4. Hakikisha kwa wavu kabla ya kuchoma mafuta ya safari nyingine.

Mashine inaeleza kwamba kuna kitu. Wavu ndio unaosema ni kitu gani. Andika saa, kina na ulichopata, kisha mpelekee afisa uvuvi wako.