Kusubiri Pombe Ipoe: Ukurasa wa Historia ya Nakivale

Historia ya pombe nchini Uganda huanzia viwandani: Port Bell mwaka 1946, Jinja miaka ya 1950, kisha kiwanda cha Nile Breweries kilichofunguliwa hapa Mbarara mwaka 2013. Mimi nimelelewa Nakivale, sasa nimepanga chumba Nyamitanga, na naona wapishi wa pombe ya mtama wamerukwa.

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Warundi na Wakongomani. Wanyarwanda huita pombe hiyo ikigage, Warundi impeke. Kazi ni moja: mtama huloweshwa uote, hukaushwa, husagwa, hupikwa, kisha huachwa upoe ndipo utiwe chachu.

Ujuzi wote uko hapo kwenye kupoa. Chachu ni kiumbe hai. Joto linalokaribia nyuzi 60 huiua. Ukichelewa mno, vijidudu vingine huitangulia na pombe huchachuka kupita kiasi. Bavaria ilitoa amri mwaka 1553 kukataza upikaji wa bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa sababu bia ya majira ya joto iliharibika. Pasteur alieleza kiini cha uharibifu huo katika kitabu chake cha mwaka 1876. Bibi yangu hakuwahi kumsikia Pasteur wala kushika kipimajoto. Alitumia kidole.

Lakini kidole chake kilifundishwa na chungu cha Burundi, ambacho hutoa jasho na kupoa. Huku alipata jerikeni za plastiki, nazo hufungia joto ndani. Nikiwa darasa la sita, siku ya soko ikikaribia, aligusa juu, akaona vuguvugu, akatia chachu. Asubuhi hapakuwa na povu hata kidogo. Ile ilikuwa karo yangu ya muhula.

Kuna watakaosema hiki ni kisa cha nyumbani, si historia. Sikubali. Ukimbizi ulibadilisha chombo, chombo kikabadilisha muda wa kusubiri, na mwanamke mmoja akalazimika kujifunza upya kazi aliyoijua tangu usichana. Baada ya hasara ile aliugawa uji katika mabeseni mapana, akaukoroga hadi chini, ndipo akaujaza kwenye jerikeni.

Likizo iliyopita nilimwuliza anajuaje kwamba umepoa vya kutosha. Hakunijibu. Alinishika mkono, akauzamisha katika beseni mpaka kwenye kifundo, akaniambia nisubiri.