Halmashauri ya Kijiji: Miaka 50 ya Chombo Kilichozaliwa kwa Amri

Mwaka 2025 Halmashauri ya Kijiji ilitimiza nusu karne tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, Na. 21 ya 1975. Leo Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, na kila kimoja kina halmashauri ya wajumbe kati ya 15 na 25, angalau robo yao wakiwa wanawake. Vyombo vingi vilivyokuwa juu yake au vilivyoitangulia havikuwa na maisha marefu kiasi hicho. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 na hazikurudi kazini hadi 1984. Siasa ya ujamaa iliyoizaa yenyewe ilipoa. Yapo maelezo mepesi ya kudumu huko: Serikali ilihitaji mkono wa kufika hadi kitongojini. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, maana historia inaonyesha kwamba chombo hiki kilipata heshima pale tu kilipokabidhiwa kitu cha wote cha kutunza, na kilipungukiwa heshima kila kilipogeuzwa tarishi wa kupeleka amri.

Mwanzo wake haukuwa wa heri kwa kila mtu. Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni lazima, na hadi kufikia 1976 mamilioni ya wakulima na wafugaji walikuwa wamehamishwa, wengine kwa nguvu. Sheria ya 1975 ilikuja kuvipa sura ya kisheria vijiji ambavyo vingi vilikwisha kuundwa, ikakipa kijiji haki ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Uongozi wenyewe ulikuwa wa chama, kwani mwenyekiti wa tawi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, mpaka mfumo wa vyama vingi wa 1992 ulipozitenganisha kofia hizo mbili. Hasara ya zama hizo inaonekana vizuri Usukumani. Familia zilipohamishwa ziliziacha nyuma ngitili zao, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea, mifugo inapokosa pa kula. Zisizo na mwenyewe zikafyekwa, na sehemu kubwa ya Shinyanga ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI ili kuirudisha ardhi hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili za kaya na za vijiji zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Ni kweli kwamba mila za Wasukuma, pamoja na mabaraza yao ya dagashida, zilifanya kazi kubwa. Hata hivyo mila zilihitaji mhuri, na mhuri huo ulikuwa sheria ndogo za kijiji.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Babati, kwenye msitu wa miombo wa Duru-Haitemba. Serikali ilikusudia kuutangaza kuwa hifadhi yake, na wanakijiji walipoona mipaka inapimwa, uvunaji uliongezeka, kila mtu akiwahi chake kabla ya mlango kufungwa. Katikati ya miaka ya 1990 mpango uligeuzwa, na vijiji vinane vinavyouzunguka msitu huo vikakabidhiwa kila kimoja kipande chake. Halmashauri zikachora mipaka, zikaandika ni mti upi haukatwi na kuni zipi huokotwa bila ruhusa, zikateua walinzi miongoni mwa vijana wao na kupanga faini. Msitu ambao askari wachache wa wilaya wasingeuweza ukaanza kuchipua chini ya watu walewale waliokuwa wakiumaliza. Sheria ya Misitu ya 2002 iliufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa haki ya kila kijiji.

Kuna watakaosema kwamba halmashauri hizihizi zimeuza ardhi ya wananchi gizani. Malalamiko hayo yana msingi, na mbunge yeyote wa jimbo la vijijini anayajua. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitaja halmashauri kuwa mdhamini wa ardhi, na inaikataza kugawa hata kipande bila idhini ya mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Ufisadi wa ardhi hustawi pale mkutano huo usipoitwa, au unapoitwa ili mihtasari iliyokwisha kuandikwa ipigiwe makofi. Kuinyang'anya halmashauri mamlaka hakuponyi ugonjwa huo, kwa sababu ardhi itaamuliwa mbali zaidi na macho ya wenye nayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kijiji hakina kitu. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, barabara zikaenda kwa wakala wa Serikali, TARURA, mwaka 2017, maji yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019. Wahandisi walihitajika, hilo halina ubishi, kwa kuwa daraja halijengwi kwa msaragambo peke yake. Ila mhandisi wa wilaya hawezi kujua kwamba kalavati limeziba leo asubuhi, wala nani analisha mifugo kwenye chanzo cha maji. Kujenga kunaweza kufanywa na wakala, lakini kutunza kunahitaji aliye karibu. Kwa hiyo adhimisho la maana kwa chombo hiki ni kukirudishia fungu la matengenezo kwa sheria badala ya hisani, na kukibana kisome mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu kila miezi mitatu, kama kanuni zinavyotaka tayari.